Mawe ya Mashua ya Kifaru

Hapo zamani za kale, watoto, wakati wanyama walipokuwa na majiko yao na milango ya kubishiwa hodi, kulikuwa na kisiwa katikati ya ziwa. Kisiwa kizima kilikuwa na mashua moja ya tanga. Nahodha wake alikuwa Kifaru.

Chini kabisa ya mashua, juu ya mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mbavu zake, yalipangwa mawe. Hayo ndiyo farumi, yaani uzito unaoizuia mashua isipinduke upepo ukiisukuma. Kila mtoto alipozaliwa kisiwani, wazazi wake walileta jiwe moja likapangwa humo, kisha mkeka ukatandikwa juu.

Mlinzi wa mawe alikuwa Pimbi, kwa kuwa makao yake ni majabalini. Kabla ya safari, nahodha aliita, "Mawe yamo?" Pimbi akajibu, "Yamo!" Ndipo tanga lilipopandishwa. Mwanzoni walinzi walifunua mkeka na kutazama. Baadaye ikabaki kuitana tu.

Sasa huyu Pimbi alikuwa mdogo, mwepesi, na mwingi wa mizaha. Mwendo wa mashua ulimchosha.

"Tazama inavyojikokota," alimwambia Masika, ndama wa Nyati. "Utadhani imeshiba ugali!"

"Mjomba Pimbi, haiwezi kuruka?"

"Subiri uone."

Mchana huo, Kifaru akiwa amelala, Pimbi aliyatoa mawe. Kwaru! Kwaru! Akayaburuta moja moja mpaka uani kwake. Chini ya mkeka akajaza vibuyu vikavu. Jiwe la Masika, jeupe lenye mstari mwekundu, akaliweka mlangoni liwe kigoda.

Asubuhi akamwendea Kifaru.

"Nahodha, nasikia huko ng'ambo wanasema umezeeka."

"Nani kasema?"

"Mimi simo! Lakini kama nguvu bado unazo, leo kaa ukingoni, uegemee nje, upande unakotoka upepo. Tuone nani bwana, wewe au upepo."

Kifaru akakaa ukingoni, akaegemea nje. Shwaaa! Mashua ikateleza juu ya maji kana kwamba haiyagusi.

"Umeziona nguvu hizo?" Kifaru akanguruma.

"Nimeziona, nahodha! Nani kama wewe?" Pimbi akageuka pembeni, akashika mbavu kwa kicheko. Kifaru hakujua kwamba farumi ya mashua sasa ni yeye mwenyewe.

Ufukweni Masika alikuwa akipiga kwato. "Tena! Tena! Mjomba, na mimi nitapanda lini?"

"Siku yoyote, mwanangu."

Pimbi alikusudia kuyarudisha mawe. Kila siku alisema kesho.

Kisha Kifaru akachomwa na mwiba, mguu ukavimba. Na siku hiyo Nyati alikuwa ampeleke Masika ng'ambo, bibi yake amwone kwa mara ya kwanza.

"Nenda tu, shemeji," Kifaru akamwambia. "Marehemu mumeo alikufundisha. Mashua unaijua kama mimi."

Wenyeji wakaja kuwaaga. Masika alikuwa amefungwa kitambaa kipya shingoni. Nyati akashika kamba ya tanga, akaita:

"Mawe yamo?"

 Pimbi alilitazama ziwa, lilikuwa limetulia kama maji ya mtungini. Aliwatazama wenyeji waliojaa ufukweni, na Kifaru aliyekaa mbele yao na pembe yake. Akisema sasa, wote watasikia.

"Wee Pimbi! Umelala?"

"Sijalala, dada."

"Basi jibu, jua linapanda. Mawe yamo?"

"Leo itaruka, Mjomba?" Masika akauliza kutoka ndani ya mashua.

"Yamo," Pimbi akasema.

Wakaenda. Masika alipunga mkia mpaka wakawa wadogo.

Walipofika katikati, upepo ukashuka kutoka mlimani. Waliokuwa ufukweni waliona tanga likilala. Pwaa! Wakangoja liinuke. Halikuinuka.

Nyati alifika alasiri, akiogelea. Mdomoni alishika kitambaa. Kitambaa peke yake.

Mawimbi yakaileta mashua, mkuku ukiwa juu. Nyuma yake vikaja vibuyu, kimoja kimoja, vikigonga miamba. Kong! Kong! Kifaru akachechemea mpaka majini, akaokota kimoja.

"Pimbi. Hiki ni nini?"

"Ulikuwa mzaha, nahodha."

"Na mimi nikakaa ukingoni nikajisifu." Kifaru akakigeuza kile kibuyu. "Nilikaa juu ya vibuyu nikajisifu!"

"Nilitaka kuyarudisha. Wallahi nilitaka."

"Lakini alikuuliza," Kifaru akasema. "Sote tulisikia. Alikuuliza mara mbili."



Nyati hakumpiga wala hakumtukana. Alipanda majabalini, akafika mlangoni kwa Pimbi, akaliona lile jiwe jeupe lenye mstari mwekundu. Akaliinua, akalipangusa vumbi.

"Hili ni langu," akasema, akaenda nalo.

Mashua ikafanyiwa matengenezo, mawe yakarudishwa, yote isipokuwa hilo. Tangu hapo kisiwani hakuna anayeita na kuitikiwa. Mkeka hufunuliwa, na kila msafiri huyagusa mawe kabla ya kupanda.

Pimbi naye alijificha majabalini. Mpaka leo ukipita karibu utamsikia akilia, sauti ikipanda, ikipanda, mpaka inakatika. Waliojua lugha ya wanyama walisema kwamba anajibu: "Hayamo! Hayamo!"

Lakini hakuna tena anayemuuliza.

Nanyi, watoto, mkiona mzaha wenu unakaribia kumzamisha mtu, semeni kweli hapo hapo, hata kama mtaaibika mbele ya wote.