Bi Somoe Abisha Hodi Kwake

Asiyebisha hodi kwake, haujui mlango wake. Mmenisikia nikimwambia hivyo yule fundi aliyetuwekea kitasa bila kujaribu ufunguo, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Kilwa Kivinje palikuwa na Bi Somoe, msukaji wa mikeka ya ukili, hodari wa kazi na wa maneno pia. Watu wa ng'ambo waliiona mikeka yake kwenye simu wakaitamani, ila walitaka kulipa kwa kadi hukohuko kwao. Yeye hakuwa na njia ya kupokea. Ghala likajaa. Akawaambia wasukaji wenzake kwamba mikeka isiponunuliwa kabla ya Ramadhani, kikundi chao kitavunjwa, na neno hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Basi Hidaya, binti wa kaka yake, akamfungulia duka la mtandaoni, akahangaika na benki mpaka ikakubali malipo ya kadi. Bi Somoe akatoa sharti moja tu. Barazani kwake mteja hauziwi mkeka kabla hajaulizwa, "Nani kakuleta?" Na huko mtandaoni aulizwe vivyo hivyo, tena amtaje mwenyeji anayejulikana. Hidaya akaguna, akaliweka swali hilo.

"Sasa shangazi, nunua mkeka mmoja kwa kadi yako, tuone."

"We mtoto! Umeona wapi mtu akibisha hodi kwake?"

Duka likafunguliwa kwa ubani na halua. Wateja wakaja, wakachagua, wakaondoka bila kulipa. Bi Somoe akailaumu benki, akaulaumu mtandao, akamalizia kwa majirani wenye husuda. Shaabani ikawa inayoyoma. Hidaya akamtia simu mkononi.

Safari hii Bi Somoe hakukataa. Akachagua mkeka wa harusi, akaandika namba za kadi yake, akabonyeza "Lipa". Likatokea swali: Nani kakuleta?

"Nimekuja mwenyewe," akasema, na ndivyo alivyoandika.

Simu ikajibu: Samahani, hatumjui. Malipo hayawezi kuendelea.

"Hatumjui? Mimi? Mikeka yangu, duka langu, halafu hamnijui!"

"Na mteja wa Norwei, shangazi, atamtaja nani hapa Kivinje?"

Bi Somoe akalisoma tena lile swali. Kisha akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Kumbe mlango nimeukomea mwenyewe, nikawatukana majirani! Liondoe, mwanangu. Au waulizwe wakishalipa."

Mwezi ulipoandama, ghala lilikuwa tupu na wasukaji wanahangaikia ukili mwingine. Tangu hapo, Hidaya akibadilisha chochote dukani, Bi Somoe huishika simu akaita, "Hodi!", akajiitikia mwenyewe, "Karibu!", ndipo akanunua.

Watu walimcheka, kisha wakamuiga. Nendeni sasa mkamwambie fundi arudi na ufunguo wake: asiyebisha hodi kwake, haujui mlango wake.