Kura Zilizotoka Tumboni

Sogeeni niwape. Tupe, tumesogea.

Zimwi lililala juu ya kisima, likadai lipewe nyumba moja, na watu wake, ndipo mji uteke maji. Jumbe, mkubwa wa mji, akasema, "Siamui peke yangu. Kila mtu apige kura. Anayetaka tupigane atie hindi chunguni, anayetaka tutoe atie kunde."

Kunde zikajaa. Wakamtoa Bi Mizamba, mjane asiye na jamaa.

"Jamani, mimi si jirani yenu?"

"Ni kura, bibi, si sisi."

Zimwi likammeza mzima, likadai tena. Kunde zikajaa, akaliwa mfinyanzi na wanawe. Likadai tena, kunde zikajaa, na hivyo hivyo hata ikabaki nyumba ya Jumbe.

Jumbe, mkewe na watoto wakatia mahindi. "Tumeamua kupigana," akasema.

"Wenzako hawajapiga," likajibu zimwi, likainamia chungu, likafungua kinywa.

Sauti ya Bi Mizamba ikauliza tumboni, "Kabaki nani?"

"Jumbe," likajibu zimwi.

Kunde zikamwagika kutoka kinywani, chungu kikafurika.

"Ni kura, baba," akasema Bi Mizamba, "si sisi."

Mola atuhurumie. Yangu yameishia hapo kisimani, nanyi mkateke maji.