Kamba ya Ngwali

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu, lakini nitawavumilia. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha wakulima wa mpunga, paliondokea mama mmoja mzee, Bi Sikudhani. Aliishi na mwanawe Ngwali, na Mwanamvua, mke wa Ngwali.

Kijiji kile kilikuwa na sikukuu moja kubwa, ya mchele mpya. Siku hiyo watu walishukuriana. Na walikuwa na mwiko, wa kijinga kweli, lakini waliushika: asante ikisemwa kabla ya sikukuu, mpunga hutoka mapepe, maganda matupu. Basi kila mtu alikuwa na kamba yake. Ukitendewa wema unapiga fundo, unanyamaza, unangoja sikukuu.

Mwanamvua akapika uji alfajiri. Ngwali akanywa, akapiga fundo, kwi! Akanyamaza.

Mwanamvua akashinda bondeni akifukuza ndege, haa! haa! haa! mpaka sauti ikamkauka. Ngwali akapiga fundo, kwi! Akanyamaza.

Ngwali akaugua homa siku saba. Mwanamvua akamkanda, akamlisha, hakupata usingizi. Ngwali alipopona akapiga fundo kubwa, kwiii! Akanyamaza.

Jamani, mtu hali kamba. Mwanamvua aliumia. Alijiona kama kinu cha nyumba, kinatwangiwa kila siku na hakuna anayekijulia hali. Mwaka wa kwanza akavumilia. Wa pili akavumilia. Wa tatu maji yakazidi unga. Akafunga nguo zake, akamwambia mama mkwe kwamba sikukuu ikipita anarudi kwao, na harejei tena.

Bi Sikudhani hakumsihi. Alimuuliza tu kama ameshakula, kisha akaenda zake.

Sikukuu ikafika. Ngoma, ti! ti! ti! Wali ukapakuliwa. Ngwali akasimama kifua mbele na kamba yake, ndefu kuliko zote, akaanza kumshukuru mkewe kwa yote, kama alivyosema mwaka jana na mwaka juzi. Mama yake akamkatiza.

"Mwanangu, fundo hili la nini?"

"La wema, mama."

"Wema gani?"

Ngwali hakujua.

"Na hili kubwa?"

Akaligeuza, akalipapasa. Hakujua. Homa iliyotaka kumuua alikuwa ameshaisahau! Mwanamvua alilijua fundo lile. Machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta.

"Mkeo kesho anarudi kwao," Bi Sikudhani akasema. "Kamba unayo. Mtu huna."

Ngwali akaketi. Alipata haya, akaogopa pia. Akamgeukia mkewe.

"Leo asubuhi umenipikia uji. Asante. Na kesho nikinywa nitakwambia tena."

Wazee wakang'aka kwamba huo ni mwiko, mpunga utaharibika. Bi Sikudhani akawajibu kwamba ukiharibika walichukue bonde lake lote. Mwanamvua akafikiri kidogo. Akasema atakaa mpaka mavuno, aone.

Basi Ngwali akawa anashukuru. Mwanzo alikuwa akigugumiza na kutazama chini, vijana wakimcheka. Akazoea. Uji, asante. Ndege, asante. Na Mwanamvua naye akaanza kumshukuru kwa kuni na kwa jembe. Mavuno yakaja, mpunga ukajaa punje, na Mwanamvua hakwenda popote. Wanakijiji waliona. Lakini mwiko ni mwiko, kamba zao hawakuziacha.

Miaka ikapita. Siku moja katikati ya kupanda, sikukuu ikiwa mbali, Bi Sikudhani alikuna nazi asubuhi, akajilaza adhuhuri, hakuamka.

Watu wakajaa matangani, kila mmoja na kamba yake mkononi. Huyu, Bi Sikudhani alimzalisha mkewe; yule, alimlelea watoto. Walilia sana, maana wa kumwambia hayupo tena. Wakamtaka Ngwali aseme, yeye mtoto wa marehemu.

Ngwali akasimama. Mwanamvua akamshika mkono.

"Sina neno nililobakiza," akasema. "Asubuhi ile alitukunia nazi. Nikamwambia asante, mama. Alinisikia."

Akaketi, akalia.

Enyi wasikilizaji, sikukuu huja mara moja kwa mwaka, na wema hutendwa kila siku. Aliyekutendea mwambie angali anasikia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na asanteni kwa kunisikiliza, nisingoje kesho.