Mtungi wa Mama Pimbi Uliokuwa Bado Unasema

Paukwa.

Pakawa.

Mko macho?

Jicho moja.

Basi hilo moja linanitosha, maana na mimi leo miguu inauma.

Hapo kale aliishi Mama Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, asiye na mkia, mwenye watoto watatu. Mvua zilikaribia na shamba lake halijaguswa. Kwao walilima kwa ujima: ukitaka majirani waje na majembe, uwe na pombe nzuri. Pombe ikiharibika, hawaji. Wasipokuja, watoto watalala njaa mwaka mzima.

Basi akasaga kimea cha mtama, akapika, akatia mtungini, akauweka pangoni. Marehemu mama yake alimfundisha pombe ya baridi, ile inayochachuka polepole, kisha ikaachwa itulie hadi machicha yazame. Joto likiipata, inakuwa siki. Na mwaka ule jua lilichoma, jiwe la pango likawa kama chungu cha jikoni. Mama Pimbi akawa anashuka mtoni na kibuyu, anapanda, ananyunyizia mtungi, tone, tone. Anashuka tena. Mtoto mgongoni analia. Akiketi apumzike, mtungi unapata joto. Anainuka.

Siku moja akasikia gidi, gidi, gidi. Kiboko ametoka mtoni, amejaa mlangoni.

"Harufu imenifikia majini," akasema. "Toa huo mtungi niumalize."

Mama Pimbi alikuwa amechoka hata kuogopa. "Shikamoo, mzee wangu. Chukua. Ila bado unasema. Sikiliza."

Kiboko akategesha sikio. Mtungini: bwi, bwi, bwi.

"Pombe inayosema haijaiva," akasema Mama Pimbi. "Ukiinywa, itaendelea kusema tumboni."

"Nitasubiri. Sibanduki hapa, wasije wakaninyang'anya."

Akasimama mlangoni. Kivuli chake kikajaa pango zima. Maji ya mgongoni yakachuruzika hadi kwenye mtungi, churuu, churuu. Mama Pimbi akaugusa mtungi. Ulikuwa baridi.

Akatazama kibuyu chake, akakilaza chini.

"Mzee wangu, ukikauka, kajiloweshe urudi. Pombe haipendi joto."

"Najua kazi yangu," akasema Kiboko.

Ikawa hivyo. Jua likichoma, Kiboko anashuka mtoni, gidi, gidi, anarudi, churuu, churuu. "Umenyamaza?" "Bado unasema, mzee wangu." Mama Pimbi akapata usingizi wa mchana, wa kwanza tangu ajifungue. Mara moja alipofumbua jicho, alimwona Kiboko amesogea kidogo, jua lisimpige mtoto usoni. Akalifumba tena, akalala.

Pombe ikatulia. Mtungi ukanyamaza, na siku ya kulima ikafika. Kiboko akategesha sikio. Ngururu, ngururu.

"Bado unasema," akanung'unika. "Tena leo kwa sauti nene."

Mama Pimbi alijua ngururu ile imetoka wapi. Kiboko hakuwa amekula vizuri tangu aanze kulinda.

"Wewe ndiwe uliyesikia, mzee wangu. Nenda ukale majani. Ukirudi, utakuwa umenyamaza."

Kiboko akaenda. Akala, akala, akasinzia majini. Huku nyuma wakaja Nungunungu, Kanga na Kobe, aliyekuwa ameanza safari tangu juzi. Wakalima, wakanywa, wakaimba, wakaenda zao.

Kiboko akarudi. Akategesha sikio. Kimya. Akauinamisha mtungi: machicha matupu.

"Pombe yangu iko wapi?"

"Wameinywa waliolima."

Kiboko akainua mguu.

"Uvunje," akasema Mama Pimbi taratibu. "Lakini mwakani utasubiri nini hapa mlangoni?"

Kiboko akafikiri sana. Akashusha mguu. Ndipo Mama Pimbi akamtolea kata moja iliyojaa, aliyoificha chini ya majani mabichi.

Kiboko akanywa, akafumba macho. "Sijawahi kunywa pombe baridi hivi. Umefanyaje?"

"Nilipata msaidizi."

"Mwambie ahsante."

"Umekwisha kumwambia, mzee wangu," akasema Mama Pimbi, akaenda kumlaza mtoto.

Basi funzo lake, wanangu: wenye nguvu hawana choyo hata kidogo, husimama milangoni mwa wanyonge kwa huruma tu. Anayebisha akamuulize Kiboko.

Ngano yangu imefika kwenye machicha. Iliyo tamu nimewamiminia, iliyochacha niachieni mwenyewe.