Mwari Mwenye Mvi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nusu yenu mmelala. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Zamani sana, kabla ya babu wa babu zenu, palikuwa na kijiji, na kijijini humo aliishi mwanamke mtu mzima, jina lake Bi Mwanashehe. Alikaa na mwanawe na mke wa mwanawe, Mishi.

Asubuhi moja Bi Mwanashehe aliinama mtungini kuchota maji. Kata ikamponyoka, kwa! Naye akafuata chini, puu! Kiharusi. Mishi alipomwinua, mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia, mguu wa kulia mzito kama kinu.

Mishi akamuuguza. Akamwogesha, akamvisha, akamlisha. Majirani wakasema, "Mkazamwana kama huyu hapatikani." Mishi akasikia, akazidi. Mama mkwe hakuachiwa hata kujifuta mdomo.

Lakini Bi Mwanashehe alikonda. Kula kwa mkono wa kushoto hakutaka, si adabu. Kulishwa kama mtoto aliona haya. Akafumba mdomo. Leo tonge moja, kesho hata hilo hakuna. Mishi akaogopa. Akajiuliza, "Nakosa wapi? Nampa kila kitu, na anakwisha mbele ya macho yangu."

Habari zikamfikia Bibi Kazija. Huyu sasa mumsikilize vizuri. Bibi Kazija alikuwa kungwi. Ndiye aliyemfunza Bi Mwanashehe alipokuwa mwari, msichana aliyewekwa ndani kufunzwa mambo ya utu uzima. Mola amrehemu. Wako watu ukiwataja tu, nyumba huwa haina upweke.

Alipofika, hakutoa pole. Aliketi akautazama ule mkono, akautazama, kama mtu aliyeona mdudu asiyemjua.

"Unauma?"

Bi Mwanashehe akatikisa kichwa.

"Unawasha?"

Akafikiri. Akaitikia.

"Ehee! Basi kuna mtu humo." Akamgeukia Mishi. "Mwanangu, mwari wangu amesahau niliyomfunza. Nimekuja kumweka ndani upya."

"Mwari? Bibi, mama ana mvi huyu!"

"Mimi nina mvi kumpita. Toka nje, ufunge mlango."

Kijiji kizima kikataka kujua. Mwari mwenye mvi! Watu wasio na safari wakapita mbele ya nyumba ile, wakarudi, wakapita tena. Ndani wakamsikia Bibi Kazija akiimba:

Kidole, waenda wapi?
Naenda kwenye tonge.
Kidole, umefika?
Bado, niko njiani.

Halafu, pwa! Kitu kimeanguka. Kimya. Wimbo tena. Halafu mguu: kwaruu, tu. Kwaruu, tu.

"Bibi," Mishi akauliza mlangoni, "mnafanya nini humo?"

"Tunakula."

"Mbona nasikia chakula kinaanguka?"

"Nacho kinajifunza."

Jirani yao, Bi Zaina, akaja na mikono kiunoni. "We Mishi! Mama mkwe anashindishwa njaa, nawe umekaa hapo kama mtungi? Watu watasema umemchoka."

Neno hilo likamchoma Mishi. Akasikia pwa! nyingine, na baada yake kilio. Akasukuma mlango. Mama mkwe wake alikuwa amefungwa mkono wa kushoto kwa kanga, na ule wa kulia unatetemeka juu ya sahani. Mishi hakuuliza. Akapiga magoti, akafinyanga tonge, akamtia mdomoni.

Mkono wa kulia ukashuka. Taratibu. Ukalala pajani.

Bibi Kazija hakugomba. "Umeuona?"

"Nimeona nini, Bibi?"

"Mkono. Ulikuwa njiani unakuja. Uliposikia wewe umefika, ukarudi."

Mishi akautazama ule mkono. Aliuosha kila siku na kuukausha, na hakuwahi kujiuliza unataka kwenda wapi.

"Sasa nifanye nini?"

"Kaa hapa. Kalia mikono yako. Utaona kulisha ni kazi rahisi kuliko hiyo."

Mishi akakaa. Tonge likianguka, mikono yake ilimruka, akaikalia. Polepole akaanza kuona vitu. Akaona dole gumba ndilo hutangulia. Akaona bega linausaidia mkono kwa siri. Akaona asubuhi mkono una nguvu, jioni umechoka. Akaanza kuuliza, "Mama, leo tujaribu bakuli?" Siku nyingine mkono uligoma kabisa. Wakasali, wakamwachia Mungu, kesho yake wakaanza tena. Tonge likafika kifuani. Likafika kidevuni. Likafika shavuni, wakacheka wote watatu.

Ikaja siku ya kumtoa mwari nje. Ngoma, ti-ki-ti! Vigelegele! Bi Mwanashehe akatoka na fimbo yake: kwaruu, tu. Vidole viwili vilikuwa bado vimekunjana, na havikukunjuka mpaka siku alipofariki.

Wanawake wakalizunguka sinia. Na desturi yao, mtu hagusi chakula kabla ya mwari. Wali unafuka mvuke, matumbo yanalia. Mkono ukaenda. Tonge likadondoka.

Bi Zaina, kwa huruma au kwa njaa, akanyoosha mkono amlishe. Mishi akamdaka.

"Shoga, kalia mkono wako."

Mkono ukaenda tena. Ukapanda. Ukatetemeka. Ukafika! Bi Mwanashehe akatafuna, akatafuna, watu wote wakiutazama mdomo wake. Akameza. Kisha akasema, kwa ule mdomo wa upande:

"Mishi, wali hauna chumvi."

Lo! Kicheko kikavunja uwanja. Mishi naye akacheka hata machozi yakamtoka, akakimbilia jikoni.

"Haya, kuleni," akasema Bibi Kazija. "Mwenye nyumba amerudi."

Nanyi wanangu, Mungu akikupeni mgonjwa, mtunzeni kwa moyo. Ila kabla ya kumfanyia jambo, ngojeni kidogo, mtazame kama mkono wake uko njiani.

Hadithi yangu inakomea hapo. Aliyeshiba ainuke akanawe.