Kongwa la Nyati na Shingo ya Kijembe

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hamjala nyie? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nasikia watu.

Hapo zamani za kale alikuwako Kanga. Kanga huyu alikuwa na shamba la njugu mawe, na mdomo. Ee, mdomo! Akiamka yeye, kijiji kizima kimeamka. Kekekeke! Kekekeke!

Asubuhi moja akafika shambani. Lo! Matuta yamefukuliwa. Njugu zimekwisha. Na katikati ya shamba kalala nani? Kijembe, mtoto wa Ngiri, yatima, hana baba hana mama. Maganda yamemjaa puani, anakoroma. Koroo! Koroo!

"Leo utanitambua!" Kanga akasema. Akamdonoa, ndo, ndo, ndo, mpaka barazani kwa Nyati, mkuu wa kijiji.

Sheria ya kule ilikuwa moja. Mwizi ni mwizi. Atavishwa kongwa, ule mti mzito wenye panda unaobana shingo, kisha atatupwa shimoni pamoja na Fisi na wezi wengine. Na kigingi cha kulifunga kongwa hapigi mwingine ila mshtaki mwenyewe. Mshtaki asipopiga, hakuna kesi.

"Umekula njugu?" Nyati akauliza.

"Ndiyo, babu," Kijembe akajibu. "Zilikuwa tamu. Zimebaki?"

Baraza likacheka. Nyati akakohoa. "Leteni kongwa!"

Kongwa likaletwa. Lilichongwa kwa kipimo cha shingo ya Nyati. Wakamvisha Kijembe. Puu! Likaanguka chini. Wakamvisha tena. Puu! Kijembe akapenya katikati, akatokea upande wa pili, mkia juu.

"Tena! Tena!" akasema. Masikini, alidhani anachezeshwa.

Kutoka shimoni Fisi akapaza sauti: "Mleteni hivyo hivyo! Huku tutamlea wenyewe! Hii hii hii!"

Manyoya yakamsimama Kanga.

"Kongwa lijazwe nyasi, libane," Nyati akaamuru.

Kanga akaleta nyasi, akajaza, akajaza. Akageuka kuchukua kigingi. Kutazama, nyasi hamna. Akajaza tena. Akageuka. Hamna!

"Wewe! Nyasi ziko wapi?"

"Nimekula, shangazi."

"Umekula kongwa?"

"Nina njaa, shangazi. Tangu mama aondoke, nakula ninachokiona."

Baraza likavunjika mbavu. Kanga hakucheka. Aliwakumbuka vifaranga wake. Je, siku yeye akichukuliwa na mwewe, watakula kwa nani? Huruma ikamwingia. Kanga yule, wa mdomo ule, akakitupa kigingi chini!

"Sipigi kigingi!"

"Kanga, sheria ni sheria."

"Sheria mmeichonga kwa shingo yako, Mzee Nyati! Huyu ni mtoto. Kakosa, ndiyo. Kalifukua shamba langu, basi atalifukua tena, nipande. Pua anayo! Lakini shimoni haendi, labda nitangulie mimi. Kekekeke!"

Nyati akamtazama mtoto. Akalitazama kongwa. Akacheka, jamani, mpaka ardhi ikatetemeka.

"Kigingi hakikupigwa," akasema, "kesi hakuna. Na tangu leo, mtoto asivishwe kongwa wala asitupwe shimoni. Akikosa, kwanza aulizwe: umekula?"

Basi Kijembe akafukua matuta, fuku, fuku, fuku. Kanga akapanda. Mchana wakala chungu kimoja, Kijembe na vifaranga. Mavuno yalipofika, njugu zikajaa ghalani. Na mlinzi wa shamba alikuwa nani? Kijembe huyo huyo! Hata panya hakuthubutu.

Na kongwa je? Vifaranga waliliomba. Likafungwa kamba, likatundikwa tawini, likawa bembea. Kila jioni Kijembe akawasukuma, wii! wii! Hata Nyati naye, msiseme nimewaambia mimi, siku moja alijaribu. Kamba ikakatika. Puu!

Mnasikia, wakubwa na wadogo? Mtoto akikosa, mrekebishe, usimtupe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye njaa aseme, chungu bado ki motoni.