Aliyelegeza Skrubu ya Mdogo Wake

Mtu mmoja aitwaye Mbonea alikuwa na mdogo wake, Senzota, na kila mmoja alikuwa na baiskeli ya gia, zile za kupandia milima. Walizinunua siku moja, duka moja, baada ya kuuza tangawizi. Zilifanana kila kitu mpaka rangi. Hilo mlikumbuke, kwa sababu mtu akikwambia anamwonea mwenzake wivu kwa kuwa mwenzake kapewa zaidi, mara nyingi anakudanganya. Hawa walipata sawasawa.

Mama yao alikuwa mjane, na miguu ilikuwa imemchoka. Kanisa lao lilikuwa ng'ambo ya bonde: ukienda kuna mlima, ukirudi kuna mlima. Kila Jumapili alibebwa kwenye keria, ameketi juu ya khanga iliyokunjwa. Mwanzoni alibebwa na Mbonea, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Jumapili moja, katikati ya mlima, mnyororo wa Mbonea ukaanza kuruka meno. Ulikuwa ugonjwa mdogo. Waya wa gia ulikuwa umelegea, kama waya wowote mpya unavyolegea ukishatumika, na dawa yake ni kuukaza kidogo kwa vidole. Lakini mnyororo uliporuka, baiskeli ilishtuka, goti la mama likagonga chuma. Mama akashuka. Akasema apande kwa Senzota mpaka ya Mbonea itengenezwe. Hakusema zaidi ya hapo.

Mbonea yeye alisikia mengine. Alisikia kwamba amekataliwa. Akaisukuma baiskeli yake mlima wote nyuma yao, akitazama jinsi mama alivyomshika Senzota kiunoni, na roho ikamuuma. Senzota naye hakuwa malaika. Alipofika juu alimpigia kaka yake kengele. Waliporudi nyumbani Mbonea akaibwaga baiskeli yake juu ya mawe ya uani, ikalala upande wa gia, naye akaingia ndani na hakula siku ile.

Sasa sikilizeni vizuri. Nyuma ya baiskeli ya namna ile kuna kichuma kinachoning'inia, kazi yake kuusogeza mnyororo kutoka meno madogo kwenda makubwa. Mafundi hukiita mkono wa gia. Mkono huo nao umeshikiliwa na kipande kidogo cha chuma kwenye fremu, na kipande hicho ndicho kilichopinda siku ile juu ya mawe. Kilipinda kidogo tu. Ukitazama kwa ubavuni hukioni. Sharti usimame nyuma, uinamishe kichwa, utazame kama mtu anayetazama nguzo ya nyumba kama imesimama wima.

Mbonea hakusimama nyuma. Alikaza waya, mnyororo ukaruka. Akaulegeza, ukaruka. Akatia oili, akanunua mnyororo mwingine, nao ukaruka. Mwisho akaenda kuichungulia baiskeli ya mdogo wake ilipoegeshwa, akatazama kila skrubu imeingia kiasi gani, na za kwake akazifanya vivyo hivyo. Bado uliruka. Basi akawa na hakika kwamba Senzota kuna kitu anamficha. Ndivyo ilivyo roho ya kwa nini. Kilichopinda kiko kwako, lakini unakitafuta uani kwa mwenzako, na wala hakuna skrubu inayonyoosha kilichopinda.

Jumapili zikapita, na mama bado yuko kwa Senzota.

Ikafika Jumamosi moja, mchana, Senzota akiwa shambani. Mkono wa gia una skrubu mbili ndogo zinazouwekea mipaka. Moja inauzuia mnyororo usidondoke nje. Nyingine inauzuia usivuke meno makubwa ukaingia kwenye spoku. Mbonea alichukua bisibisi, akailegeza hii ya pili kwenye baiskeli ya mdogo wake. Alitaka kesho yake mlimani, Senzota atakapoweka gia nyepesi, mnyororo uvuke, gurudumu likwame, mama aone kwamba hata kwa Senzota mambo huharibika. Kumwumiza mama hakutaka. Mwenye wivu huwa hataki mtu aumie. Anataka tu arudishiwe chake, na mtu akiumia hapo katikati, basi, bahati mbaya.

Asubuhi mama akatoka na khanga yake mkononi. Senzota alikuwa tayari amepanda, anamngoja. Mama akampita, akasimama mbele ya Mbonea, akasema, "Leo nataka kubebwa na huyu ninayeitwa kwa jina lake."

Kwa maana kijiji kizima kilimwita Mama Mbonea. Tangu mtoto yule azaliwe hakuna aliyemwita vingine, sokoni, kisimani, hata mchungaji akitangaza wagonjwa. Senzota angembeba maisha yake yote, na bado angekuwa amembeba Mama Mbonea. Na huyo mwenye jina, miezi yote ile alikuwa analilia keria.

Senzota akacheka, akashuka, akamsukumia kaka yake baiskeli. "Basi chukua yangu, kaka. Yako niachie niitazame, nitawakuta huko huko."

Najua mnachongoja. Mnangoja niwaambie kwamba mchimba kisima aliingia mwenyewe. Hakuingia. Mbonea alijua alichokifanya, kwa hiyo walipofika mlimani hakuigusa gia. Alishuka, akamsukuma mama yake akiwa ameketi juu, jasho likimtiririka. Waumini waliowapita wakamsifu. Wakasema huyu ndiye mtoto, anatembea yeye ili mama asitikiswe. Wakampa mama hongera kwa malezi, naye mama akafurahi sana. Mbonea akazidi kusukuma, macho chini.

Senzota aliingia ibada ikiwa imeanza. Alikuwa amekuja na baiskeli ya kaka yake, na mnyororo haukuruka hata mara moja, kwa sababu yeye alisimama nyuma yake, akaona kilichopinda, akakinyoosha taratibu kwa spana. Ibada ilipokwisha akasema, "Kaka, yako imepona. Ilikuwa imepinda tu." Akachukua ya kwake. Mama akasema kurudi ni zamu ya Senzota, asije naye akanuna. Akaitandika khanga, akapanda. Mbele yao lilikuwa bonde, na ng'ambo ya bonde mlima, na Senzota si mtu wa kushuka akasukuma.

Hapo Mbonea alikuwa na kila kitu alichokililia. Baiskeli yake ni nzima. Mama kabebwa naye. Sifa amepata. Hakuna aliyemwona na bisibisi. Mnyororo ungeingia kwenye spoku, na watu wangesema ni ajali. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Akaushika usukani wa mdogo wake, akasema mbele ya wazee wa kanisa na kwaya yote, "Shuka, mama. Skrubu nimeilegeza mimi."

Mama akashuka. Hakumkemea, hakumlaani. Aliikunja khanga yake, akaitia kwapani, akaanza kutembea kwa miguu yake ile ile mibovu kuteremka bondeni. Wanawe wakamfuata wakisukuma baiskeli. Senzota hakumtazama kaka yake, wala kengele haikulia. Mbonea alitembea wa mwisho, akiona haya mpaka ya kumtazama mama yake mgongoni, na njia nzima aliwaza jambo moja, kwamba sasa hata jina litakuwa limeondoka.

Darajani wakamkuta mwanamke anachota maji. Hakuwa amefika kanisani, hakujua lolote. Akasalimia kama anavyosalimia siku zote: "Shikamoo, Mama Mbonea."

Mama akasimama. Akaitoa khanga kwapani, akaikunja upya, mpaka yule mwanamke akadhani hakusikika. Mbonea alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imegandamana na usukani.

"Marahaba," mama akaitikia.

Haya. Sikumtaja mtu. Lakini ninyi mnaotazamana kwa pembe ya jicho humu ndani, na ninyi wa kwaya mliogawana mabenchi leo, niambieni: yule anayeitwa kwa jina lako kila siku na bado anaitikia, umemlegezea skrubu gani, na utamwacha apande mpaka lini?